Ukungu Umeondoka, Sumu Imebaki

Chukua kiganja kimoja cha mahindi kutoka kwenye kihenge chako. Yamwage juu ya ungo. Yatazame vizuri kwenye mwanga. Utaona punje nyeupe, ngumu na nzuri. Labda utaona mbili au tatu zilizotobolewa na wadudu. Labda utaona moja yenye rangi ya waridi, au ya kijani, karibu na kiini chake.

Sasa jiulize: Je, mahindi haya ni salama kwa mtoto wangu?

Macho peke yake hayawezi kukujibu. Punje yenye ukungu unaiona. Lakini sumu iliyoachwa na ukungu huioni. Haina rangi. Haina harufu. Haina ladha. Unaweza kuupangusa ukungu ukaondoka, na sumu ikabaki ndani ya punje.

Sumu hiyo inaitwa sumukuvu. Leo, katika ukurasa wetu wa afya, tutajifunza inatoka wapi, inaleta madhara gani, na tufanye nini nyumbani ili kuipunguza.

SUMUKUVU NI NINI?

Kuvu ni viumbe vidogo sana. Ule ukungu unaouona juu ya mkate uliolala ni kuvu. Kuvu zinakaa udongoni, kwenye mabua ya mwaka jana, na hewani. Hatuwezi kuzimaliza. Zikipata chakula, joto na unyevu, zinaota. Baadhi ya kuvu zikiota kwenye nafaka hutoa sumu. Sumu hiyo ndiyo sumukuvu.

Zipo sumukuvu za aina nyingi. Sisi tunaokula ugali kila siku inafaa tuzijue mbili.

Ya kwanza ni aflatoksini. Ilianza kujulikana mwaka 1960 huko Uingereza. Mwaka huo bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache. Wafugaji hawakujua ni ugonjwa gani. Wataalamu walipochunguza, waligundua kwamba bata hao walilishwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Karanga zile zilikuwa zimeota kuvu. Kuvu hii hupenda joto. Hushambulia mahindi na karanga zilizopata ukame shambani, na nafaka iliyowekwa ghalani ikiwa na unyevu. Sumu yake huharibu ini.

Ya pili ni fumonisini. Hii iligunduliwa na wataalamu wa Afrika ya Kusini mwaka 1988. Kuvu yake hupenda sana mahindi. Huanza kuingia shambani, mahindi yakiwa bado kwenye bua. Mara nyingi hupita kwenye matundu ya viwavi, au kwenye gunzi lililofunuka na kunyeshewa. Ukiona punje zenye rangi ya waridi, au zenye utando mweupe kama pamba, inaelekea ni kuvu hii. Lakini, ndugu msomaji, kuvu hii inaweza pia kukaa ndani ya punje nzuri kabisa bila kuonyesha alama yoyote. Hapo ndipo ilipo hatari yake.

GHALA LA TAIFA NA WATOTO WAFUPI

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunajivunia mahindi. Miaka ya 1980 mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma iliitwa mikoa minne mikubwa, kwa sababu ililisha nchi. Leo eneo hili lina pia mikoa ya Njombe, Songwe na Katavi. Magari yanabeba mahindi yetu usiku na mchana kwenda Dar es Salaam na hata nchi za nje.

Lakini tazama jambo hili. Mwaka 2022 Serikali ilifanya utafiti wa afya nchi nzima. Watoto wenye umri wa chini ya miaka 5 walipimwa urefu. Katika nchi nzima, watoto 30 katika kila 100 walionekana wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko anavyopaswa kuwa kwa umri wake. Mkoa wa Iringa ulikuwa na watoto waliodumaa 57 katika kila 100. Mikoa ya Njombe na Rukwa ilikuwa na karibu 50 katika kila 100.

Inakuwaje? Mahindi yamejaa ghalani, na watoto hawakui.

Sababu ni nyingi. Mtoto kula uji mtupu bila maharage, maziwa, mboga wala matunda ni sababu. Kuhara mara kwa mara ni sababu. Maji machafu ni sababu. Mama kuwa na kazi nyingi hata akakosa muda wa kumlisha mtoto mara kwa mara ni sababu. Basi usidhani kwamba sumukuvu peke yake ndiyo inayodumaza watoto wetu. Lakini wataalamu wanaona kwamba nayo ina mchango wake.

Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa mahindi ya kaya 120 katika mikoa minne ya Tanzania, Iringa na Ruvuma zikiwamo. Yalikuwa mahindi ya kula, yaliyohifadhiwa nyumbani. Zaidi ya nusu yalikuwa na fumonisini. Mahindi ya kaya 18 katika kila 100 yalikuwa na aflatoksini. Mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mwingine. Huo ulifuatilia watoto wadogo 166 katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro. Ilionekana kwamba watoto waliokuwa na fumonisini nyingi zaidi mwilini walikuwa wafupi zaidi.

Kumbuka kwamba mtoto ana mwili mdogo. Sumu ambayo kwa baba ni kidogo, kwa mtoto wa miezi 10 ni nyingi.

SUMUKUVU INAWEZA KUUA

Mara nyingi sumukuvu hufanya kazi polepole. Mtu anakula kidogo kidogo kwa miaka, bila kusikia maumivu. Mwisho wake unaweza kuwa saratani ya ini. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Fumonisini nayo inahusishwa na saratani ya koo la chakula.

Lakini aflatoksini ikiwa nyingi huua kwa siku chache.

Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake nchini Kenya, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Kati yao watu 125 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliougua walikuwa zaidi wale waliohifadhi mahindi yakiwa na unyevu, na walioyaweka ndani ya nyumba ya kulala.

Mwaka 2016 msiba huo ulifika kwetu Tanzania. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua, na 20 walikufa. Wengine mwanzoni walidhani ni ugonjwa mpya usiojulikana. Kumbe ilikuwa sumu iliyokuwa ndani ya chakula cha kila siku.

"MBONA BABU ZETU WALIKULA?"

Ndugu msomaji, najua utakuwa na maswali. Tuyajibu moja moja.

Utasema: "Ugali unapikwa kwa moto mkali. Je, moto haumalizi sumu?" Hapana. Moto huua kuvu, lakini sumu hubaki. Maji yanayochemka hayana joto la kutosha kuiharibu. Ukipika unga wenye sumu, utapata ugali wenye sumu.

Utasema: "Basi mahindi mabovu tutapikia pombe." Hiyo ndiyo desturi katika vijiji vingi. Mahindi mazuri huwekwa kwa chakula, na yaliyooza hutengwa kwa komoni au kangara. Lakini kuchachusha hakuiondoi sumu yote. Sehemu yake hubaki ndani ya pombe. Mtu anayekunywa pombe hiyo kila siku anaichosha ini yake mara mbili. Pombe inaidhuru, na sumukuvu inaidhuru.

Utasema: "Basi tutawapa ng'ombe, nguruwe na kuku." Hapana, ndugu yangu. Ng'ombe akila aflatoksini, sehemu ya sumu hiyo hutoka katika maziwa, na maziwa hayo anakunywa mtoto. Nguruwe akila fumonisini nyingi, mapafu yake hujaa maji na anaweza kufa. Punda huharibika ubongo. Kuku na bata hudhoofika, hawatagi vizuri, na bata hufa upesi.

Utasema: "Babu zetu walikula mahindi haya haya na hawakufa." Je, tunajua wote walikufa kwa nini? Wakati wao hakukuwa na mtu wa kupima. Aliyevimba tumbo na kuwa na macho ya manjano alisemwa amerogwa. Tena wazee wengi walikula ulezi, mtama, ndizi, magimbi na viazi pamoja na mahindi. Leo kaya nyingi zinakula mahindi asubuhi, mchana na jioni. Mtu anayekula chakula cha aina moja siku zote, kikiwa na sumu, anaipata sumu siku zote.

SUMU INAYOJIFICHA HATA KWENYE KIPIMO

Wataalamu wamegundua jambo jingine. Baadhi ya sumukuvu hujificha. Mmea unapoingiwa na sumu hujaribu kujilinda. Unaifunga sumu hiyo kwa sukari yake. Nyingine hung'ang'ania wanga wa punje. Sumu iliyofungwa namna hiyo inaweza isionekane katika kipimo cha kawaida. Lakini mtu akiila, tumbo linaweza kuifungua, ikawa sumu tena. Sumu za namna hii huonekana katika mahindi, na katika ngano pia.

Kwa nini tunakuambia haya? Ni kwa sababu watu wengine husema: "Tungoje kipimo." Kipimo ni muhimu, na kinafaa kutumika. Lakini kipimo hakiji kila kijiji, na hakioni kila kitu. Kinga kubwa ni kuizuia kuvu isiote tangu mwanzo. Kazi hiyo inafanyika shambani kwako na uani kwako.

PUNJE CHACHE ZINAHARIBU GUNIA

Tanzania na nchi nyingine za Afrika Mashariki zimeweka kiwango. Aflatoksini katika mahindi isizidi sehemu 10 katika bilioni. Hesabu hiyo ni ngumu kidogo, basi tuiseme hivi: ni miligramu moja katika gunia la kilo 100. Ni kama chembe chache za chumvi ndani ya gunia zima. Zikizidi hapo, gunia hilo halifai kuliwa.

Lakini ndani ya habari hiyo mbaya imo habari njema. Sumu haikai sawasawa katika gunia. Punje mia zinaweza kuwa safi, na punje moja ikajaa sumu. Mara nyingi sumu nyingi hukaa katika punje zilizovunjika, zilizotobolewa, zilizosinyaa, na zilizobadilika rangi. Ukizitoa hizo, umetoa sehemu kubwa ya sumu. Hutatoa yote, kwa maana nyingine imo ndani ya punje nzuri. Lakini utaipunguza sana.

Majaribio yaliyofanywa katika vijiji vya Tanzania yameonyesha hivyo. Kaya zilizochambua mahindi, zikayakausha juu ya mikeka au vichanja, zikayakinga na wadudu, na zikayakoboa kabla ya kusaga, zilipunguza sumukuvu kwa zaidi ya nusu. Hawakutumia mashine kubwa. Walitumia mikono, jua na ungo.

HATUA ZA KUFUATA

1. Shambani. Panda kwa wakati na palilia. Pambana na viwavi wanaotoboa mabua na magunzi, wakiwamo viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017. Kila tundu la kiwavi ni mlango wa kuvu. Mwulize bwana shamba juu ya mbegu ambazo gunzi lake hufunikwa vizuri na maganda, na huinama likikomaa. Gunzi la namna hiyo haliingiwi na maji ya mvua kwa urahisi.

2. Kuvuna. Vuna mahindi yakishakomaa na kukauka. Usiyaache shambani wiki nyingi kungojea nafasi. Yaliyoanguka chini yatenge. Usirundike magunzi juu ya udongo, kwa sababu udongo ndiyo nyumba ya kuvu. Menya maganda, na hapo hapo tenga magunzi yenye ukungu. Ni rahisi zaidi kulitenga gunzi moja bovu kuliko kuzitafuta punje zake 400 baada ya kupukuchua.

3. Kukausha. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Anika juu ya turubai, mkeka au kichanja. Usianike juu ya ardhi tupu. Geuza mara kwa mara. Funika jioni, kwa sababu umande wa usiku hurudisha unyevu. Katika sehemu zenye mvua nyingi, kama Rungwe, jua ni la kuvizia. Huko jenga kichanja chenye paa, upepo upite chini na juu. Tandaza magunzi yasirundikane.

4. Kupima ukavu. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa. Tia vijiko vitatu vya chumvi kavu. Tia mahindi mpaka yafike theluthi ya chupa. Funga mfuniko, kisha tikisa kwa dakika moja. Iache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yako bado yana unyevu. Yarudishe juani. Chumvi isipoganda, yanakaribia. Yaanike siku moja au mbili zaidi, kisha yahifadhi. Wengine hupima kwa meno. Punje kavu hukatika kwa mlio. Punje yenye unyevu hubonyea.

5. Kupukuchua. Usiyapige mahindi kwa fimbo ndani ya gunia mpaka yakavunjika. Punje iliyovunjika haina ngozi ya kuikinga. Pukuchua kwa mkono au kwa mashine iliyorekebishwa vizuri. Kisha pepeta uondoe vumbi, makapi na vipande.

6. Kuhifadhi. Safisha ghala au kihenge. Ondoa mahindi ya mwaka jana, usiyachanganye na mapya. Weka magunia juu ya mbao au chaga, mbali na ukuta. Ziba sehemu zinazovuja. Kinga dhidi ya dumuzi, hasa yule anayeitwa Scania, kwa dawa aliyoidhinisha bwana shamba na kwa kipimo chake. Kama unaweza, tumia pipa linalofungwa vizuri au mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Mdudu hufa ndani yake kwa kukosa hewa. Lakini kumbuka: mahindi yenye unyevu yakifungiwa humo yataharibika. Kausha kwanza, kisha funga.

7. Kabla ya kusaga. Chambua tena juu ya ungo, mahali penye mwanga. Kisha osha. Yatie katika maji na uyakoroge. Punje nyepesi zitaelea. Zitoe uzitupe, maana hizo ndizo mara nyingi zenye sumu nyingi. Mwaga maji hayo. Yaanike mahindi yakauke siku hiyo hiyo, ndipo uyapeleke mashineni.

8. Kukoboa. Sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini. Mahindi yakikobolewa, sumu hupungua. Lakini vitamini nazo hupungua. Basi tufanyeje? Kama mahindi yako yalikauka vizuri na umeyachambua, dona ni chakula bora. Kama una wasiwasi nayo, yakoboe. Usichukue pumba za mahindi yenye ukungu ukawapa ng'ombe wa maziwa. Sumu uliyoitoa kwenye unga imo humo.

DEBE LILILOPOTEA

Hapa pana ugumu, nasi tusiukwepe. Mtu amelima kwa jasho. Amenunua mbolea kwa bei kubwa. Anachambua magunia 10, anapata debe 2 za mahindi mabovu. Roho inamuuma kuyatupa. Hasa mwezi wa pili, wakati kihenge kinakaribia kwisha, mama anasema: "Nikiyatupa haya, watoto watakula nini?"

Ndiyo maana kazi hii haianzi mwezi wa pili. Inaanzia kwenye mavuno. Aliyekausha vizuri mwezi wa saba hana debe 2 za kutupa, labda ana kisado kimoja. Hasara ya mahindi mabovu inatokea pale tunapochelewa kuvuna na tunapoanika chini. Siku ya kuchambua tunaiona tu.

Mahindi mabovu yafukie shimoni, mbali na kuku na nguruwe. Usimuuzie jirani. Usimpe maskini kama zawadi. Anayepewa naye ana ini, na mtoto wake naye anakua.

Tena hasara ya soko ipo. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache iliyaruhusu tena kwa masharti. Sharti moja lilikuwa cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi kiwango. Mkulima anayekausha vizuri analinda watoto wake, na analinda bei yake pia.

UKINUNUA SOKONI

Si kila mtu anakula mahindi ya shamba lake. Kama unanunua Soweto jijini Mbeya, au katika soko jingine lolote, fanya hivi. Usitazame punje za juu peke yake. Ingiza mkono katikati ya gunia. Je, kuna joto au ubaridi wa unyevu? Usinunue. Nusa. Je, yananuka uvundo? Usinunue. Uma punje chache. Tazama kama vipande na punje zilizotobolewa ni vingi. Mahindi ya bei ya chini sana yanayouzwa kuwa ni ya mifugo, usiyafanye unga wa nyumbani. Na ukinunua unga wa mfuko, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS.

MTOTO MCHANGA KWANZA

Mama, mtoto wako anyonye maziwa yako tu kwa miezi 6 ya kwanza. Usimpe uji kabla ya hapo. Kwa njia hiyo unamkinga na sumu nyingi.

Akianza kula, mahindi ya uji wake yachambue peke yake, tena kwa makini zaidi. Karanga unazotia katika uji wa lishe zichambue moja moja. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu itupe. Watu wengi hutia karanga mbovu katika uji kwa kuwa zikisagwa hazionekani. Hapo mtoto anapewa sumu kwa jina la lishe.

Mbadilishie vyakula. Mpe viazi mviringo, ndizi, magimbi, ulezi, maharage, mboga za majani, parachichi na mayai. Vyakula hivi vipo kwetu. Siku asipokula mahindi, mwili wake unapumzika na sumu ya mahindi.

Mpeleke kliniki apimwe uzito na urefu, na apate chanjo zote. Ndani ya chanjo hizo imo kinga ya homa ya ini aina ya B.

DALILI ZA HATARI

Mtu akiwa na macho ya manjano, tumbo kuuma na kujaa, kutapika, au miguu kuvimba, mpeleke zahanati upesi. Usingoje. Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wameugua kwa pamoja, acheni kula unga uliopo. Chukueni kidogo cha unga huo na mahindi yake, mkampelekee mganga. Toeni habari kwa mtendaji wa kijiji. Chakula hicho kikipimwa, nyumba nyingine zinaweza kuokolewa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mahindi yaliyopanguswa ukungu yanaweza bado kuwa na sumu?
2. Katika kijiji chetu, mahindi mabovu yanakwenda wapi? Kwenye pombe, kwa mifugo, au kwa watoto?
3. Ni kaya ngapi katika kikundi chetu zina turubai au kichanja cha kuanikia? Je, tunaweza kununua turubai moja kwa shirika na kuazimana kwa zamu?
4. Leteni chupa ya kioo, chumvi kavu na mahindi ya kaya tatu. Yapimeni mbele ya wote. Mahindi ya nani yarudi juani leo?